Kwani huyu kwao ni wa ngapi?

Mwanafunzi akizingua tu, ofisini kwetu walimu lazima mtu aulize, "kwani huyu kwao ni wa ngapi?" Akiwa mziwanda basi kadekezwa, akiwa kifungua mimba kazoea kuamrisha wadogo zake, wa katikati anatafuta kuonekana. Yaani hakuna anayechomoka hapo, na mimi nilikuwa bingwa wa hiyo michezo.

Aliyevumisha haya mambo ni Alfred Adler, daktari wa Austria aliyefariki 1937 (naye alikuwa mtoto wa pili, tuyaache hayo). Lakini 2015 ulitoka utafiti wa Marekani uliotumia data za wanafunzi wa sekondari kama 377,000, na tofauti ya tabia kati ya wa kwanza na waliomfuata ikawa ndogo mno kiasi kwamba ukikaa nao huwezi hata kuiona. Mziwanda wetu mdekevu ni wa vichwani mwetu zaidi.

Ila kuna utafiti mwingine ulionikaa, wa Denmark na jimbo la Florida huko Marekani, watafiti wale hawakupima tabia kwa maswali bali waliangalia rekodi za adhabu shuleni na za kesi, wakakuta wavulana wa pili kuzaliwa wana uwezekano zaidi kwa asilimia 20 hadi 40 wa kuingia matatani kuliko kaka zao wakubwa. Na sio kwamba walizaliwa na afya mbovu au walipelekwa shule mbovu, hayo yalichunguzwa, kinachoonekana kuchangia ni muda wa mzazi miaka ile ya mwanzo, maana wa kwanza alikuwa na mama peke yake, wa pili anakuta foleni.

Hapo nikamkumbuka dogo mmoja. Kasimama mbele ya meza yangu anavuta uzi wa mkono wa sweta, mimi nikaanza na ile ya kila siku, "kaka yako alipita hapa, hakuwa hivi." Akasema taratibu, "mimi sio yeye, ticha." Nikaandika jeuri. Baba yake alipoitwa alitaja mpaka alama za hesabu za yule mkubwa, huyu mdogo hata mkondo anaosoma hakuujua, akageuka kumuuliza palepale mbele yangu.

Lile neno jeuri bado liko kwenye faili lake, kwa mwandiko wangu.