Kabla hujaniuliza turbo, lala chini uangalie sampu

Juzi nimeulizwa tena. Jamaa kapata injini ya gari inayovuta kwa tairi za mbele, anataka aifunge kwenye gari inayosukuma kwa nyuma, na swali lake la kwanza kabisa ni "turbo (kile kifaa cha kupuliza hewa ya ziada kwenye injini) saizi gani itafaa?" Nikamuuliza hiyo injini inazunguka upande gani. Kimya. Nikamuuliza sampu yake, yaani lile bakuli la oili chini ya injini, kina kiko mbele au nyuma. Akaona namletea maneno.

Sasa mimi naongea ninavyoona, asiyekubali basi. Kwenye kazi hii turbo ndo kitu rahisi kuliko vyote. Kinachoua hizi projekti ni kule kuichukua injini iliyolala kwa upana wa gari ukaigeuza nyuzi 90 ilale kwa urefu, yaani vitu vya chini chini na vya nyuma nyuma ambavyo havina sifa na hakuna anayevipiga picha.

Anza na mzunguko. Injini nyingi ukisimama upande wa puli zinazunguka kama mshale wa saa. Ila Honda za zamani, zile familia za B, D na H, zinazunguka kinyume. Ukiifunga B kwenye giaboksi ya kawaida ya gari la kusukuma nyuma bila kugusa kitu kingine, hongera, una gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Wapo wanaopindua difu (ule mfumo wa gia unaogawa nguvu kwa tairi za nyuma) juu chini ili mwendo ugeuke, na kweli gari inatembea, lakini hapo meno ya difu yanabeba mzigo kwa upande wa pili, ule uliokuwa unafanya kazi ukiachia mafuta tu, afu na wewe juu yake unataka kuongeza turbo! Ndo maana ilipokuja familia ya K mwaka 2001, ambayo inazunguka kama wenzake, watu waliishika hawajaiachia mpaka leo. K24 ni lita 2.4 na imetengenezwa ilale kwa upana, ila utaikuta kwenye magari kibao ya kusukuma nyuma.

Hata K nayo ina lake. Kwenye gari lake la asili manifoldi ya ekzosi, yaani mabomba yanayotoa moshi kwenye injini, inaangalia nyuma, kwa dereva. Ukiigeuza ili giaboksi iende nyuma, ekzosi inaangukia kulia. Gari ya usukani wa kushoto hapo poa tu. Ya usukani wa kulia, rodi ya usukani inashuka palepale unapotaka kuning'iniza turbo. Joto la turbo na rodi ya usukani sio majirani wa kukaa pamoja, kwa hiyo utazungusha mabomba, utaweka ngao ya joto, utatukana kidogo.

Afu kuna vitu vya mwisho wa silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Kwenye gari inayovuta mbele, ile ncha ya injini upande wa giaboksi iko wazi, mkono unaingia, kwa hiyo watengenezaji wanaweka pale distributa (inayogawa umeme wa plagi), mlango wa maji, sensa, chochote. Geuza injini, ile ncha inaenda kugonga ukuta wa kabini. Waulize waliofunga 4A-GE, injini ya Toyota, ya valvu 20 kwenye AE86, Toyota Corolla ya zamani ya kusukuma nyuma. AE86 yenyewe (1983 mpaka 1987) ilitoka kiwandani na 4A-GE ya valvu 16 iliyopangwa kwa urefu, mtu anadhani ya valvu 20 si ni ndugu yake, itaingia tu. Inaingia, ndio, ila distributa iko nyuma ya hedi na inagota ukutani, mlango wa maji nao uko hukohuko. Mwisho wa siku wengi wanatupa distributa wanaenda kwenye koili za kujitegemea na kompyuta ya kuprogramu.

Hili la maji ndo napenda kulisema sana kwa sababu hata kiwanda kilijikwaa hapo. Mazda MX-5 ilipotoka 1989 ilikuwa na injini ya B6 ya lita 1.6, familia ileile ya 323, gari inayovuta mbele. Kule kwenye 323 maji yanaingia upande wa puli, yanapita silinda zote, yanatokea upande wa giaboksi. Safi kabisa. Kwenye MX-5 wakahamisha thermostati (valvu inayofungua maji yakipata moto) ikaja mbele, mlangoni kabisa mwa maji kuingia, nyuma wakaacha njia ya hita tu. Matokeo yake silinda ya nne, ya mwisho kabisa, inapata maji kiduchu kuliko wenzake. Injini ikiwa ya kawaida hutajua maisha yako yote. Weka turbo uikamue kwenye saketi, ndo utasikia watu wanahangaika kurudisha bomba la maji nyuma kama ilivyokuwa kwenye 323. Kwa hiyo wahandisi wenye mishahara wamekutana na hili tatizo, we na grainda yako unadhani litakuruka?

Mimi mwenyewe kilinipata kitu kidogo kuliko hivyo vyote. Injini yangu ya kwanza ya namna hii nilipima kila kitu, pleti ya kuunganishia giaboksi nikaikagua na geji ya saa mpaka ikakaa ndani ya milimita 0.13 kutoka katikati, nikajisifu. Nikafunga. Siku ya kwanza kuendesha, nikikanyaga klachi kunakuja mlio mwembamba kama wa mbu, gia ya kwanza inagoma kuingia. Nikalaumu klachi, nikatoa upepo, nikabadilisha silinda ya klachi, wapi. Kushusha giaboksi nikaona pua ya shafti yake inaelea, haina pa kushika. Giaboksi za magari ya kuvuta mbele nyingi shafti yake inajibeba yenyewe ndani, kwa hiyo krenki haihitaji ile beringi ndogo katikati. Giaboksi ya kusukuma nyuma inaihitaji. Kibushi kinachoingia kwenye kiganja, kimenishushisha giaboksi nzima, na beringi ya mbele ya giaboksi ilikuwa imeshaanza kuachia.

Na sampu sasa. Ukigeuza injini, oili nayo mwendo wake umegeuka. Zamani ukikata kona ilikuwa inakimbilia ncha za injini, sasa kwenye kona inapanda pembeni mwa bloku, na ukikanyaga mafuta inarudi nyuma yote. Kile kina cha sampu mara nyingi kinakutana na bimu ya chasi, so unakikata, unakisogeza, na mrija wa kunyonyea lazima ukifuate, uache kama milimita 6 mpaka 10 kutoka chini, na uweke vizuizi vya bati vya kuishika oili. Mtu akikuambia amekata sampu kwa nusu saa kaacha mrija palepale, usipande gari yake.

Ndo maana msimamo wangu ni huu na nimegombana na watu kwa ajili yake, funga injini bila turbo kwanza. Tembea nayo. Angalia joto, presha ya oili kwenye kona ndefu, mtetemo wa propela. Ikitulia ndo uje kwenye kompresheni, yaani injini inabana hewa mara ngapi ndani ya silinda. SR20DET, injini ya turbo ya Nissan Silvia, ilitoka na 8.5:1 kwa sababu ilijua inakuja kupulizwa, lakini K20A ya Honda Type R iko 11.5:1, ukiipuliza bila mafuta mazuri na tuning ya mtu anayejua, pistoni ndo zitakupa ripoti. Wanasema nachelewesha mambo, kazi inafanyika mara mbili. Sawa. Kugundua bloku haina oili wakati unapuliza bar 1, hiyo nayo utaifanya mara ngapi?

Na nisijifanye mtakatifu. Injini yangu ya sasa imetembea miezi mitatu bila turbo, kila kitu safi, wiki iliyopita nikafunga turbo kwa madaha. Moshi wa bluu. Bomba la kurudisha oili kutoka kwenye turbo nimelichomelea chini mno, injini ikizunguka liko chini ya usawa wa oili, haitelemki, inarudi juu na kupita kwenye sili. Kwa hiyo Jumamosi sampu inatoka tena.