Shokapu moja au mbili? Kwa vumbi la Arusha, nachagua moja

Wapanda baiskeli wengi wa hapa Arusha, wakishaichoka baiskeli ya kwanza, huanza kuulizia yenye shokapu mbele na nyuma. Mimi nawashauri wachukue ya shokapu ya mbele peke yake, na pesa itakayobaki waiweke kwenye shokapu hiyo hiyo na kwenye tairi.

Hoja ya upande wa pili ina uzito, sikatai. Kwenye mbio za baiskeli za milimani za Olimpiki ya London mwaka 2012, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Czech alitwaa dhahabu akiwa na shokapu mbili, mbele ya Nino Schurter wa Uswisi aliyekuwa na moja. Mwaka 2016 huko Rio, Schurter naye akaipata dhahabu yake kwa shokapu mbili. Gurudumu la nyuma lisiporukaruka juu ya mawe na mizizi, unashuka kwa kasi zaidi na unachoka polepole. Ila watu wale wana mafundi wanaoifungua na kuisafisha baiskeli mbio zikiisha.

Huku kwetu kuna vumbi. Pita Ngaramtoni kuelekea Oldonyo Sambu wakati wa kiangazi, utaliona: laini kama unga, majivu ya kale ya volkeno ya Meru, nalo halikosi pa kupenya. Shokapu ya nyuma ya hewa ina sili, yaani mipira ya kuzuia hewa isitoke na uchafu usiingie, zinazosuguliwa kila inapobonyea, na wapo watengenezaji wanaotaka ifunguliwe na kusafishwa kila baada ya saa 50 za kuendesha. Ukiendesha saa tano kwa wiki, ni wiki kumi tu hizo. Ya mbele nayo inadai matunzo, lakini kutunza moja si sawa na kutunza mbili. Ongeza beringi za maungio ya fremu, pale sehemu ya nyuma inapojikunja ili shokapu ibonyee, ambazo kila kampuni ina vipimo vyake. Fundi wetu wa mtaani ni hodari. Rimu iliyopinda ataninyooshea mbele ya macho yangu. Sili na beringi hizo hana, na zikiagizwa kutoka nje baiskeli inakaa ukutani zikisubiriwa.

Halafu kuna bei. Kwa pesa ile ile, ya shokapu mbili mara nyingi huja na breki na gia za daraja la chini, tena nzito zaidi kwa kilo moja na nusu hadi mbili. Mji wenyewe uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Meru ni kupanda tu. Zile za bei rahisi zenye springi ya chuma nyuma ndizo zinazoniuma zaidi: ukikanyaga pedali zinanesa, nguvu yako inaishia kwenye springi. Ni afadhali ubaki na baiskeli yako ya zamani.

Kwenye shokapu moja, tafuta ya mbele ya hewa yenye mwendo, yaani umbali inaoweza kubonyea, wa milimita 120, inayoweza kurekebishwa kasi ya kurudi juu. Weka tairi pana, inchi 2.4, zisizotumia tyubu, na dawa ya kuziba ndani. Mwiba wa mgunga ukiingia, dawa inaziba na safari inaendelea. Kwa mtu wa kilo 70, upepo wa psi 22 hivi unatosha, na ulaini huo unamfikia mgongoni.

Mwenye maumivu ya mgongo simzuii kununua shokapu mbili, wala anayeshuka kwa kasi njia za mawe za Usambara kila wiki. Kama ni ya mtumba, shika kiti, kinyanyue na kukishusha taratibu. Ukihisi fremu inacheza kwenye maungio, beringi au bushi zimekwisha; gharama hiyo ikatwe kwenye bei kabla hujatoa shilingi.