Vumbi, niachie meli yangu!
Jamani, hili vumbi limenishinda. Meli ya Titanic ya Lego (vile vitofali vya plastiki vya kuunganisha), vipande 9,090, urefu sentimita 135, nimeijenga usiku baada ya usiku mpaka mgongo ukagoma. Leo nataka kuipiga picha, nawasha taa ya pembeni: lahaula! Kwa macho ilikuwa safi, kwenye picha kila kinundu cha vitofali kimevaa kofia ya kijivu. Nikachukua brashi ya poda (ya mke wangu, msimwambie), nikapangusa taratibu. Ikanasa kwenye kamba za mlingoti, kiboti kimoja kikaruka hadi chini ya kochi. Nusu saa nimelala kifudifudi na tochi ya simu. Nakipata, nashika kamera, vumbi limeshatua tena. Na shemeji mlangoni: “Hiyo ya mtoto?”