Dizeli ya mimea inaifaa Malindi, ila si kwa ardhi ya Dakatcha

Mvuvi wa Ngomeni au Malindi mwenye mashine ya dizeli akisikia habari za mafuta ya mimea, swali lake la kwanza ni hili: injini itayakubali? Inategemea yametengenezwaje. Biodizeli ya kawaida, ile ya kuchanganya mafuta ya mimea na alkoholi, hubaki na oksijeni ndani yake na hunyonya unyevu. Chombo kinacholala majini hakiwezi kulipuuza hilo. Maji yakituama chini ya tangi, vijidudu huzaliana, ute mweusi huziba filta, na mashine huzima watu wakiwa bado nje baharini.

Dizeli inayosafishwa kwa haidrojeni ni habari nyingine. Mafuta ya mbegu, hata yaliyokwisha kutumika kukaangia, hupitishwa penye kichocheo (kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia) kwenye joto la nyuzi zaidi ya 300, na haidrojeni huing'oa ile oksijeni. Kinachobaki ni haidrokaboni, yaani kaboni na haidrojeni tu, kama za dizeli ya petroli. Unajaza tangi lilelile, unawasha, unakwenda. Kwa upande wa injini, mimi sina pingamizi.

Pingamizi langu liko shambani. Zaidi ya miaka 10 iliyopita, kampuni moja ilitaka hekta 50,000 za msitu wa Dakatcha, upande wa Marafa, ipande mbono kaburi (jatropha), mmea wenye mbegu za mafuta. Waliounga mkono walitaja ajira, na ajira kule ni shida ya kweli. Lakini Wagiriama na Wasanye wanaishi kwa msitu ule, na mpango ulipingwa mpaka ukakwama. Tena utafiti uliofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2009 ulikuta mazao ya mbono kaburi ni haba mno, ukashauri upandwe kama ua tu.

Siku hizi Eni, kampuni ya mafuta ya Italia, inakamua mbegu Makueni, zikiwemo za mbarika, tangu 2022, na mafuta husafirishwa Italia kusafishwa. Ni afadhali kuliko kufyeka msitu, ila faida kubwa iko kwenye kusafisha, na mtambo wetu wa Changamwe, Mombasa, uliacha kusafisha mafuta mwaka 2013.

Kwa hiyo kaunti ya Kilifi ianze na mafuta machafu ya jikoni za hoteli za Malindi na Watamu. Hayatatosha mashua zote, najua. Mwekezaji akija na ramani ya Dakatcha, aulizwe kwanza mbegu zitasafishwa wapi, na wanakijiji wana hisa gani.