Pweza, kobe na nani aliyeamuru uzee

Pweza jike akishataga hali tena. Hujifungia pangoni na mayai yake, akayapulizia maji na kuyapangusa kwa mikono wiki baada ya wiki, huku anakonda na ngozi inapauka. Mayai yakianguliwa, naye ndiyo mwisho wake. Mwaka 1977 mtafiti Jerome Wodinsky aliwakata pweza walioatamia tezi mbili zilizo karibu na macho. Wakayaacha mayai, wakarudi kula, wakanenepa, wakaishi muda mrefu kuliko wenzao. Kumbe kifo cha pweza kilikuwa kinasubiri amri kutoka ndani ya mwili wake mwenyewe.

Simulia hayo kwenye baraza yoyote ya Unguja, na jibu utalipata kabla kahawa haijapoa: basi viumbe vyote ndivyo vilivyo, wazee huondoka ili vijana wapate nafasi. (Ajali ya mtu, yaani siku yake ya kufa, imeandikwa vipi, hilo nawaachia masheikh. Hapa nasema njia ambayo mwili unapita hadi kufika huko.) Fikra hii haikuanzia barazani. Mwanabiolojia wa Ujerumani, August Weismann, aliitetea katika miaka ya 1880: kuzeeka kuna faida kwa jamii ya kiumbe, kwa kuwa kunafagia waliochakaa.

Kwa maoni yangu pweza anatupotosha hapa, ingawa ushahidi wake ni wa kweli.

Tatizo la kwanza la hoja ya ufagio ni kwamba inajizungusha. Inasema mzee huondolewa kwa sababu amechakaa, ilhali kuchakaa kwenyewe ndiko tulikotaka kuelezwa. La pili ni zito zaidi. Porini wanyama wengi hawafiki uzeeni. Huliwa, hufa kwa njaa au maradhi wangali na nguvu. Ufagio wa nini kama hakuna cha kufagia? Na akitokea mmoja asiyetii amri hiyo, akaendelea kuishi na kuzaa, watoto wake ndio watakaojaa, si wa wale watiifu.

Upande wa pili wa mjadala unaanzia hapo hapo kwenye hatari za porini. Mwaka 1952 Peter Medawar wa Uingereza alieleza kwamba jeni, yaani chembe ya urithi, yenye madhara ikiamka utotoni, mwenye nayo hazai, nayo hupotea. Ikiamka baada ya mtu kuzaa watoto wake wote, imeshapita kwa watoto, hakuna cha kuizuia. George Williams akaongeza mwaka 1957 kwamba jeni nyingine huleta nguvu ujanani na hasara uzeeni, na maumbile huchagua ujana. Kisha mwaka 1977, mwaka ule ule wa pweza, Thomas Kirkwood akalitazama jambo kihesabu: chakula kinachotumika kukarabati seli hakiwezi kutumika kuzaa. Nahodha anayejua chombo chake kitavunjika mwambani kabla ya kaskazi ijayo hatatoa pesa nyingi kukitia kalafati.

Nadharia hii naipenda kwa sababu inabashiri, na ubashiri wake unaweza kupimwa. Mnyama mwenye hatari chache anatakiwa azeeke polepole. Panya akivuka miaka mitatu amebahatika. Popo mmoja wa Siberia, mdogo kuliko panya kwa mbali, alinaswa tena miaka 41 baada ya kuvalishwa alama. Yeye ana mbawa za kukimbilia. Kobe ana gamba. Waendao kisiwa cha Changuu, karibu na Unguja, wanawaona wale kobe wakubwa wa asili ya Aldabra, ambao wa mwanzo waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, na umri umeandikwa kwa rangi migongoni. Tarakimu zile ni za kukadiria, hakuna kobe aliyekuja na cheti cha kuzaliwa. Lakini utafiti wa mwaka 2022 kuhusu spishi 52 za kobe na kasa wanaofugwa ulikuta kwamba takriban robo tatu yao huzeeka polepole sana au uzee wao hauonekani kabisa. Bado wanakufa, kwa ugonjwa au kwa jeraha. Ila mwaka mmoja zaidi hauwasogezi karibu na kaburi kama unavyotusogeza sisi. Ingekuwa uzee ni sharti la kila kiumbe, kobe wa Changuu asingeachwa nje ya sharti hilo.

Wanaosema kuna saa ndani ya mwili wana majibu, na si ya kupuuzwa. Mwaka 1993 mtafiti Cynthia Kenyon na wenzake walibadilisha jeni moja tu ya mnyoo mdogo wa maabara, maisha yake yakaongezeka mara mbili. Jeni moja! Kama uzee ni mrundikano wa maelfu ya hitilafu, iweje? Jibu linaloniridhisha ni kwamba jeni ile haiamuru kifo. Inapokea habari za chakula na kuamua mwili uzae sasa au ujikarabati usubiri neema. Ile saa nyingine maarufu, ncha za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) zinazofupika kila seli inapogawanyika, hainiridhishi sana: panya wa maabara ana ncha ndefu kuliko zetu, na bado hafikishi miaka mitano.

Turudi kwa pweza. Yeye ni katika viumbe vinavyozaa mara moja tu, kama mgomba, ambao shina lake likishatoa mkungu limemaliza kazi na chipukizi ndilo linaloendelea. Kwa viumbe hivyo, amri ya kufa ina maana, kwa kuwa hakuna uzazi mwingine wa kuulindia mwili. Mkarafuu wa Pemba, unaochumwa msimu baada ya msimu na kuweza kupita miaka 100, hauwezi kuwa na amri hiyo. Nasi tuko upande wa mkarafuu. Ndiyo maana sitarajii tezi moja ya kukatwa, wala kidonge kimoja, kitufanyie alichofanyiwa pweza.

Binadamu ana utata wake, ambao nadharia ya Medawar haikuumaliza. Mwanamke hukoma kuzaa karibu na miaka 50 kisha huishi miongo mingine. Mtafiti Kristen Hawkes na wenzake walioishi na Wahadza, wawindaji wa Ziwa Eyasi nchini Tanzania, waliona bibi wakichimba mizizi kwa bidii, na wajukuu wakinenepa kwa jasho hilo, hasa mama akiwa na kichanga. Msimu wa karafuu Pemba unaona jambo la jamaa moja: mama yuko shambani, bibi yuko jamvini anachambua karafuu na vikonyo, mjukuu yuko ubavuni mwake. Ikiwa Hawkes yuko sahihi, jeni za bibi mwenye nguvu zilipita kwa wajukuu waliosalimika, na maumbile yaliendelea kumjali mwanadamu hata baada ya uzazi kukoma. Hapo hoja ya ufagio inashindwa vibaya kuliko popote: kwa maisha marefu haya, ambayo kwa hesabu ya Weismann ni mzigo, huenda tunadaiwa na vikongwe.