Mchakamchaka nimewaachia vijana

Nina miaka 58 na mwaka jana nilijitoa kwenye kundi letu la jogging la Jumamosi. Jezi naivaa nikifua.

Tulikuwa tunaanzia Nyerere Square hapa Dodoma alfajiri, tunaimba mchakamchaka kama wa shule ya msingi, na Jumapili nashuka kitandani nimeshika ukuta. Goti la kulia. Ukikimbia, kila mguu unapotua unapokea kishindo cha mara mbili hadi tatu ya uzito wako. Kwa kilo zangu 84, fanya hesabu mwenyewe.

Sasa natembea. Saa kumi na mbili asubuhi natoka Area C mpaka Soko la Majengo, narudi na fungu la mlenda mkono huu, nyanya mkono ule. Julai upepo wa hapa unakata masikio, basi najifunga khanga kichwani.

Mwanangu aliniwekea kwenye simu programu ya kuhesabu hatua, ikanidai 10,000. Kumbe namba hiyo ilienea kutokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Utafiti wa Marekani wa 2019 uliwafuatilia kina mama wa wastani wa miaka 72: waliotembea hatua 4,400 kwa siku walikufa wachache kuliko wa 2,700, na kufikia 7,500 hivi nafuu haikuongezeka tena. Safari yangu ya sokoni ni 6,000 na ushee. Inanitosha.

Kipimo cha mwendo ni kwamba uweze kuongea lakini ushindwe kuimba. (Sisi tulikuwa tunakimbia huku tunaimba. Sijui tulikuwa kundi gani.)

Kinachoniudhi ni kwamba kwetu mazoezi ni lazima yawe na fulana, spika na maji ya chupa. Anayetembea tu siku ya kazi anaonekana kakosa nauli. Kila kona bodaboda wananiita, "Mama, twende, buku tu!" Nikikataa, wananionea huruma. Na pikipiki zao wamezipanga juu ya njia ya waenda kwa miguu, nashuka barabarani kugombania nafasi na daladala.

Yule wa kona ya Makole tu ndiye ameshanizoea. Akiniona kwa mbali anasogeza pikipiki, "Shikamoo mama, pita."