Bima ya uzeeni: huku nimechukua ya serikali, msinishangae

Ukikaribia miaka 65 huku Marekani mawakala wa bima hawakuachi upumue. Wanapiga asubuhi, wanapiga uko jikoni unageuza chapati, na kila siku bahasha ina picha ya babu na bibi wanacheka meno yote nje, eti chukua mpango wetu, malipo ya mwezi sifuri, meno bure, miwani bure. Mtu wa Moshi ukimtajia bure anauliza mtego uko wapi, na mimi niliuliza.

Medicare, yaani bima ya serikali ya wazee, unakatwa, mwaka 2025 Part B (ile sehemu ya kulipia madaktari) ilikuwa dola 185 kwa mwezi, na bado inalipa asilimia 80 tu ya bili ya daktari, hiyo 20 ni yako labda ununue nyongeza wanaita Medigap. Ukipiga hesabu unatamani kukimbilia private, yaani Medicare Advantage, kumbe huko nako ile Part B unaendelea kulipa (hilo wameliandika kwa herufi za sisimizi), halafu unabanwa na madaktari wa kwenye orodha yao, na matibabu mengi mpaka kampuni itoe kibali. Nimefanya kazi nyumba ya wazee. Nimemwona bibi kavunjika nyonga, ndo kwanza anajifunza kusimama, barua ya kampuni hiyo hapo, mazoezi yametosha arudi kwake. Daktari anasema bado, kampuni inasema imetosha, na bibi akafungashiwa nguo zake.

Basi nikachukua ya serikali na Medigap juu yake. Kumwambia shemeji yangu wa Moshi, kacheka mpaka simu ikakatika: "Yaani shemeji uko Marekani halafu unachukua ya serikali kama sisi?"

Namwelewa. Kwetu ukisema serikali mtu anaona benchi, na "dawa hii haipo, kanunue duka la hapo nje." Nami nimeshapanga foleni kwenye dirisha lenye bango la kumpisha mzee na sikuona mzee anayepishwa. Lakini huyo huyo shemeji, mumewe ambaye ni kaka yangu ni mwalimu mstaafu, kikokotoo cha pensheni kimemnyoosha vizuri tu, ila kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, wanayo yeye na mkewe na hawakatwi hata senti. Muulizeni mstaafu yeyote wa huku kama anapata hiyo kitu!

Najua mtakuja, kadi ipo dawa je? Na Machi 2024 hospitali binafsi zilipogomea kitita kipya cha NHIF, ile orodha ya huduma na bei zake, kadi ilisaidia nini? Sawa, ila hebu angalieni waliogoma ni nani. Si ndo hao private mnaowasifia? Mkitaka kuniumbua niulizeni mama anayeuza ndizi Mbuyuni, hajaajiriwa hata siku moja, kadi ya wastaafu ataitoa wapi, sheria ya bima ya afya kwa wote ilipitishwa 2023 na yeye bado anachangisha kwenye kikoba akiugua. Hapo sina jibu na hasira ninazo kama nyie.

Ila mkisema najidai na dola, hapana. Medicare ukitoka Marekani imekufa, na hizo Medigap zenye kugusa safari zinagusa dharura tu, tena ndani ya siku 60 za mwanzo. Nikirudi Moshi sukari ikipanda, mwenye bima ni kaka, mimi wa dola nalipa keshi dirishani. Na Part B siwezi kuiacha, maana nikiiacha halafu nikahitaji kurudi huku wananiongezea asilimia 10 kwa kila mwaka niliokaa bila, na hiyo nyongeza haiondoki mpaka nizikwe. Kwahiyo nitakuwa nimekaa zangu kibarazani Kibosho nakatwa bima nisiyoitumia, na shemeji ananicheka kwa karibu.